Taa Zilizotazama Kushoto

Kanyere alirithi gari kabla hajajua kuliendesha. Lilikuwa Noah la rangi ya fedha, lililotoka Japani likapitia Dar es Salaam, Kampala na Butembo mpaka likafika Kisangani, na mumewe Isaïe alikuwa akiliosha kila Jumapili kabla ya misa. Msimu wa mvua uliopita Isaïe alikuwa anarudi nalo kutoka soko la Bengamisa, amepakia magunia ya mchele, dhoruba ikamkuta njiani. Aliacha barabara mahali ambapo maji yalikuwa yamekula ukingo wa kulia. Gari lilitolewa mtaroni likiwa limebonyea mlango. Isaïe naye alitolewa, lakini hakufika hospitali akiwa hai.

Watu wa kwao Butembo wanaofanya biashara mtaa wa Makiso walijaa uani kwa matanga. Benie, binti yake aliyekuwa chuo kikuu, alilia mpaka sauti ikamkauka. Kanyere alikuwa akitazama kama chai inatosha. Si kwamba alijikaza. Alikitafuta kilio ndani yake kama mtu anayepapasa kibiriti gizani, hakukipata, akaacha kutafuta. Ule mchele uliokuwa garini ulikuwa umelowa, akautandaza juani juu ya turubai, akaugeuzageuza kwa mkono huku wageni wakiimba.

Matanga yalipokwisha, shemeji yake Télesphore alikuja akakaa barazani.

"Mama Benie, gari hii tuiuzishe. Iko na bahati mubaya."

"Na muchele itakuja na nini?"

"Tutatafuta chauffeur wa kuiendesha."

"Nifundishe mimi."

Télesphore alidhani ni majonzi yanayosema. Lakini kesho yake alikuja, na keshokutwa, na alfajiri nyingi baada ya hapo walikuwa kwenye njia ya uwanja wa ndege, Kanyere ameshika usukani kwa mikono miwili, shemeji amekaa kando akisema "taratibu, taratibu" hata gari liliposimama. Alijifunza upesi. Mtu asiyeogopa hujifunza upesi, na yeye hakuogopa. Hakusikia kitu chochote moyoni.

Mvua ya kwanza ilimkuta katikati ya mji, jioni. Aliwasha taa, na mbele yake pakatokea ukuta mweupe. Akapandisha taa kubwa, ukuta ukamsogelea zaidi. Upande wa kushoto aliona waziwazi vibanda, miti, hata mbuzi aliyejibanza chini ya paa. Upande wa kulia, alikotakiwa kupita, palikuwa peusi kama chungu. Alisimamisha gari akangoja mvua iishe. Ndipo lile swali likamjia, bila uchungu, kama swali la mtu mwingine: Je, Isaïe naye aliona hivi?

Alimpelekea gari Désiré, fundi wa umeme wa magari aliyekuwa na karakana mtaa wa Tshopo. Désiré alilisimamisha mahali tambarare mbele ya ukuta wa matofali, jua lilipozama akawasha taa, akachora kwa chaki pale mwanga ulipoishia. Mstari haukulala sawa. Upande wa kushoto ulipanda juu kama bega lililoinuliwa.

"Unaona, mama? Gari hii walitengenezeaka watu wenye kutembea kushoto. Sasa siye tunatembeaka kuume. Donc mwangaza yake inaenda mu macho ya mwenye anakuya, na bord yako, ukingo wa kuume, inabakia giza."

"Na ile weupe yenye kunirudilia mu uso?"

"Ile ni ampoule. Nani aliweka ampoule bleu hizi mu taa?"

"Papa Benie. Alisema zinaangaza kama ya ndege."

"Zinaangaza, ndiyo. Lakini mu mvua, kila tone inarudisha ile mwangaza kwako."

Kanyere aliutazama ule mstari wa chaki. "Kumbe hakuona," alisema.

Désiré alipangusa mikono kwenye kitambaa, akaipangusa tena ingawa ilikuwa safi. "Mama, mimi sikukuwako."

Alifanya kazi kwa siku kadhaa. Vioo vya taa vilikuwa vimepauka kama jicho la mzee. Akavisugua kwa dawa ya meno na maji mpaka vikang'aa. Alitoa balbu za buluu akaweka za kawaida, zenye umanjano. Alishusha mwanga uelekee barabarani, akabandika utepe mweusi pale kwenye kioo palipokuwa panarusha mwanga kushoto. Chini kabisa, kwenye bampa, alifunga taa mbili ndogo za ukungu, za manjano, na ile ya kulia akaigeuza kidogo itazame ukingo. Alibadilisha raba za waipa. Kioo cha mbele akamwambia Kanyere akioshe mwenyewe kwa sabuni, hata upande wa ndani, kwa sababu mafuta ya mikono na pumzi za watu hutanda pale na kutawanya mwanga. Kanyere aliosha. Katika kona ya juu palikuwa na alama ya vidole vya Isaïe, pale alipozoea kupangusa mvuke. Alipitisha kitambaa juu yake kama alivyopitisha kwingine.

Mwezi wa kumi alikwenda Bengamisa, na Benie akasema ataenda naye. Binti huyo alikuwa hajasema naye vizuri tangu matanga. Walinunua mchele, wakala ndizi za kuchoma sokoni, wakaanza kurudi alasiri. Mbingu ilikuwa imekwisha kuwa nyeusi. Walipoingia msituni mvua ilianguka yote kwa mara moja, na mchana ukawa usiku.

Kanyere aliwasha zile taa za chini, taa kubwa hakuzigusa. Barabara ilionekana: si mbali, lakini ilionekana, nyekundu, ikitiririka maji, na ukingo wa kulia uliofuata gari kama kamba. Alikwenda polepole.

"Mama, ni hapa papa alianguka," Benie alisema ghafla. "Mama, ni hapa!"

Kanyere alikuwa ameshaona. Ukingo ulikuwa umemeguka, shimo limeingia hadi nusu ya njia. Kandokando ya shimo, mwanga wa manjano ulikuta kitu kirefu cheusi kinachotembea. Alikanyaga breki, gari likateleza kidogo, likatulia. Alikuwa mzee mwenye baiskeli iliyopakia magunia ya makaa, anaisukuma huku ameinamisha kichwa, hana taa, hana chochote kinachong'aa. Alikuwa karibu sana na bampa.

Benie alikuwa analia kwa sauti. Kanyere alifungua dirisha.

"Papa, ingia. Tutaweka kinga huku nyuma, mu coffre," alisema akiionyesha baiskeli.

Mzee aliitwa Jérémie. Walipokwisha kusukuma magunia na baiskeli nyuma ya mchele, alikaa kiti cha nyuma akitiririka maji, akatazama dari, mlango, viti.

"Gari hii naijua," alisema. "Ndiyo hii tulivutaka hapa mu mutaro, ile mwaka."

Waipa zilikwenda na kurudi.

"Mwenye gari alikuwa bwana yangu," Kanyere alisema.

"Pole, mama. Mimi nilimushika kichwa."

"Alisema kitu?"

"Alisema, 'Papa, niliona weupe tu.' Kisha akauliza kama muchele ililowa."

"Ulimujibu nini?"

"Nilimuambia iko mukavu. Angefanya nini na ukweli?"

Kanyere aliitikia kwa kichwa polepole. Alingoja. Aliwaza kwamba sasa kilio kitakuja, hapa, mahali penyewe, na binti yake yuko karibu. Hakikuja. Mikono tu ndiyo ilikuwa baridi, akauweka mmoja chini ya paja upate joto, kisha mwingine. Benie alimtazama akifanya hivyo. Akaichukua ile mikono, akaisugua ndani ya kitenge chake mpaka Kanyere aliposema, "Inatosha, twende."

Jérémie alishuka kabla ya daraja la mto Tshopo, mvua imebaki manyunyu. Nyumbani waliponda lituma ya ndizi. Télesphore alikuja kuuliza kama wamefika salama, na Kanyere alimweleza yote kwa sauti ileile ambayo angeelezea hali ya soko: shimo, mzee, weupe, mchele. Télesphore aliinama akamlilia kaka yake, mtu mzima mbele ya sahani zao.

Kanyere alimsogezea maji. Alikaa kando yake mpaka alipotulia, kisha akamuuliza kama amekula.