Mlango wa Krismasi na Kifua cha Bibi

Wenzangu mliokulia migombani kule mlimani Masama mtakubaliana nami: Julai ya siku zile haikuwa na huruma. Tulikimbilia shule pekupeku, umande umelowesha kaptula, mdomoni bado kuna ladha ya mtori wa ndizi, na mwalimu akikuchapa kiganjani husikii kitu kwa ganzi. Vijana wa leo wakiona wingu tu wanavaa soksi mbilimbili. Haya bwana.

Mwaka mmoja tulihamia nyumba yetu ya kwanza ya matofali. Baba aliimaliza kwa haraka ile ya kwetu: lazima ndugu wakipanda kutoka mijini kula Krismasi wakute mlango wa mbele. Mlango na fremu vikachongwa kwa mti wa mgrivea uliokatwa juzijuzi, mbao bado zinatoa maji. Fundi alimsihi asubiri zikauke. "Na wageni nao wasubiri?" baba akamjibu. Basi mbuzi mzima wa ndafu akaliwa, pombe ya mbege ikanywewa, na mlango ukasifiwa na kila aliyepita.

Kufika Julai ya mwaka uliofuata mbao zilikuwa zimekauka na kusinyaa. Kati ya fremu na ukuta pakatokea mwanya, kidole changu kikawa kinaingia chote. Upepo wa mlimani ulipita hapo ukipiga mluzi, na chumba cha kwanza kuukuta kilikuwa cha bibi, mama yake baba, ambaye kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani. Alikohoa mpaka tukawa tunamwonea huruma. Mama alisokota matambara na majani makavu ya mgomba akaziba, kuku wakayachokoa yote. Asubuhi moja bibi akajitwisha godoro, akarudi kwenye kibanda chake cha nyasi kulala na ng'ombe.

"Ng'ombe wana joto," alisema. "Nyumba yako, mwanangu, nzuri kwa kupigia picha."

Sisi watoto tulicheka, baba hakucheka. Na kibanda chenyewe kilikuwa kinavuja, moshi umejaa, kikohozi kikazidi. Mama akamwambia baba waziwazi, "Mama atatufia kule kwa ajili ya mlango wako."

Jumamosi iliyofuata baba alimwita fundi yuleyule, wakaing'oa fremu yote. Walipigilia misumari ubavuni mwake ili saruji ipate pa kushika, wakairudisha, wakaikaza kwa kabari. Kisha wakashindilia vipande vya matofali na saruji mpaka ndani kabisa ya mwanya, si kupaka juu juu. Sisi kazi yetu ilikuwa kuchota maji mferejini na kupigwa kelele. Saruji ilipokauka, wakafunika kiungo kwa mbao nyembamba. Baba akawasha kibatari, akakipitisha taratibu kuizunguka fremu yote. Moto ukasimama wima.

Bibi alirudi amenuna. Kesho yake tuliamka kukiwa kimya. Hakuna kikohozi, hakuna chochote. Jamani! Mama aliacha chungu motoni, baba akaja na sabuni usoni, sote tukajazana chumbani kwake.

"Shikamoo, mama," mama alisema. Akarudia.

Blanketi likafunuka. "Marahaba. Hivi humu ndani mtu halali?"

Yesu na Maria! Baba alikaa chini pale pale sakafuni, akacheka huku machozi yanamtoka. Sijapata kumwona tena mtu mzima akifurahi namna ile kwa sababu ya kugombezwa.

Juzijuzi nimejenga na kuhamia Shirimatunda, pembeni mwa mji. Fundi wangu ni kijana, alikuja na kopo, akapuliza povu kwenye mwanya wa mlango, likavimba, akarudi kwenye simu yake. Niliikagua kazi yake nikitafuta kosa, sikuliona. Povu linaziba vizuri, niseme ukweli. Wanangu nao kila mmoja yuko chumbani kwake, masikio yamezibwa na muziki. Nyumba haipitishi upepo hata kidogo. Ila nikikohoa usiku, sijui nani atasikia.