Nyumba Niliyoinunua kwa Bei ya Hiari

Ipo siku moja naikumbuka kuliko nyingine, mwanangu: siku niliyokwenda kuinunua nyumba ya Fundi Kasiano, hapa hapa Sumbawanga, enzi za Mwingereza. Viatu vyangu vilikuwa safi, na hofu ilikuwa imenijaa. Juzi uliniambia umepata nyumba rahisi kwa mtu aliyebanwa na shida. Nilikusikia. Ila hofu ile ilinirudia, ndiyo maana nakuambia haya.

Nilikuwa kijana, nimetoka chuo cha ualimu cha misheni, na kichwa changu hakikujua kupumzika. Wenzangu waliwaza jambo mara moja wakalala. Mimi niliwaza hata namna ya kuliwaza. Na mwaka ule ulikuwa na mengi ya kutia hofu. Nzige walipanda kutoka bonde la Rukwa wakala ulezi na mahindi ya Ufipa yote, na mkulima asipovuna, mjini nani atanunua kanga au kushonesha kanzu? Wanaume wakaondoka kwenda migodi ya shaba kusini. Nyumba zikauzwa kwa bei ya kutupa, wenye maduka wakazinunua, kisha wakazipandisha bei. Ikawa nyumba tupu ni nyingi, na mtu kama mimi hana pa kuingia.

Nami nilikuwa nimemposa Agata, binti wa kijiji cha Kaengesa. Baba yake Agata hakuwa mtu wa maneno mengi. "Binti yangu hatoki hapa akalale chumba cha kupanga," alisema, akaendelea kunoa jembe lake. Mavuno yakipita bila nyumba, posa ingevunjika.

Kasiano alikuwa seremala. Mkewe alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari wa kumpasua alikuwa Mbeya. Alikuwa na nyumba, na zaidi ya nyumba hakuwa na kitu. Nilikwenda kuitazama tena na tena. Nilichokoa boriti kwa kucha nikitafuta mchwa, nikanusa kuta, nikauliza maji ya mvua yanapita wapi, kesho yake nikauliza tena.

"Mwalimu," Kasiano akaniambia, "unanunua nyumba au unaitibu?"

Majirani walicheka. Nikacheka nao, lakini rohoni nilikuwa nahesabu mengine: akipata mnunuzi mwingine leo? Akibadili nia baada ya kunilipisha? Ndiyo maana nilishikilia tuuziane kwa bei kata, yaani auze akate, asiwe na njia ya kurudi. Naye alikuwa na haraka ya kuwahi lori la Mbeya, akakubali.

Shahidi wetu alikuwa Mzee Mbaruku, mwenye duka na lori, ambaye mwenyewe alikuwa akinunua na kuuza nyumba kuliko mtu yeyote mjini. Nilimchagua kwa sababu hiyo. Nilidhani ataniona mwerevu.

Tulimkuta barazani pake. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kaeni." Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Kasiano. "Fundi, ukitoka Mbeya na mkeo, mtalala wapi?"

Kasiano akatazama mikono yake. "Mungu anajua, Mzee."

"Anajua, ndiyo. Lakini mwalimu huyu naye ajue." Akanigeukia. "Mwalimu, kwa nini bei kata?"

"Naogopa, Mzee," nikasema. Sikuwa nimekusudia kusema hivyo.

"Vizuri. Huyu anauza kwa hofu, wewe unanunua kwa hofu. Hiyo si biashara, hao ni wagonjwa wawili wanagombea kitanda kimoja." Kasiano akacheka kidogo, mimi sikuweza. "Nisikilize. Mwaka mmoja wa njaa nilinunua nyumba kwa bei kata kwa mtu aliyekuwa analia. Nyumba nzuri, ninayo mpaka leo. Mwenyewe akipita huisalimu nyumba. Mimi hanisalimu. Mashahidi wapo wengi mjini, katafuteni mwingine. Kwa bei kata, mimi simo."

Nikamuuliza nifanye nini basi. Akatueleza bei ya hiari, ambayo wazee wake walitoka nayo pwani: unanunua, unalipa, unaingia unakaa, lakini muuzaji ana hiari ya kuikomboa kwa bei ile ile kabla ya muda mliopatana kwisha. Muda ukipita, nyumba ni yako moja kwa moja. Muda wetu akauweka: mpaka mvua za mwaka wa pili zianze.

Mwanangu, niliikubali kwa aibu, si kwa wema. Tukawaita majirani wa pande zote wakasikia, nikalipa, Kasiano akafunga mzigo, akampandisha mkewe kwenye lori akiwa amemshika kama yai.

Nikaoa. Nyumba ikawa yangu na si yangu. Kila lori la Mbeya lilipopiga honi nilitoka nje. Nilipotaka kupaka chokaa nilijiuliza nampakia nani. Agata akachoka. "Wewe umenioa mimi," alisema, "au umeoa honi?" Nami nilianza kuomba jambo baya, na sikutambua kuwa ni ombi mpaka nilipojisikia nikiliomba kanisani: kwamba Kasiano asifanikiwe. Kufanikiwa kwake kulikuwa na maana mkewe amepona, naye mwenyewe amepata kazi, ameweka akiba. Nilikuwa naomba mwanamke yule asipone.

Mwaka wa pili, mawingu yakiwa yameanza kukusanyika na tone halijaanguka, Agata akiwa mjamzito, mlango ukagongwa. "Hodi, Mwalimu!" Alikuwa Kasiano, amekonda, ameshika fedha za kuikomboa nyumba. Nyuma yake mkewe, anatembea kwa miguu yake, kikapu kichwani.

Kichwa changu kilifanya kazi yake. Mwambie arudi wiki ijayo. Mwambie Agata hawezi kuhama katika hali ile. Mvua ilikuwa karibu. Siku chache tu za visingizio, na nyumba ingekuwa yangu, na hakuna ambaye angenishtaki. Nikamtazama yule mama. Alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa kiganja, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Karibuni ndani," nikasema. "Ni kwenu."

Tukahamia chumba cha kupanga. Mkwe wangu alininunia mpaka mtoto alipozaliwa. Mwenye chumba alikuwa mkali, paa lilivuja, na kujenga kwetu kulichukua miaka. Sikuambii nililipwa kwa wema, maana sikulipwa. Nakuambia tu kwamba Kasiano, kila alipopita, alinisalimu.

Basi, mwanangu, wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Hawakusema umshikie wembe. Kabla hujamlipa huyo mtu, muulize atalala wapi, na usiondoke mpaka akujibu. Kama hana jibu, mwachie njia ya kurudi, yenye muda na mashahidi, nawe uishi ndani ya muda huo bila kumwombea mabaya. Utaogopa. Mimi niliogopa kila siku. Kuogopa si dhambi, lakini hofu yako isimfukuze mwenzako kwake. Na akirudi kwa wakati, fungua mlango siku hiyo hiyo, kabla kichwa hakijapata nafasi ya kusema.

Mungu akupe nyumba ambayo mwenye kuijenga akipita ataingia kunywa maji. Akupe usingizi ndani yake, na watoto wako warithi kuta zisizo na kilio cha mtu. Amina.