Mama Mkwe Anataka Kuchorwa

Daktari aliniambia nitafute kitu cha kunituliza, maana presha yangu ilikuwa imepanda na haikuonyesha nia ya kushuka. Mimi ni fundi wa trekta huku Awendo. Trekta za miwa haziharibiki kwa adabu. Huharibika katikati ya shamba, zimebeba, mvua inanyesha, na mwenye mzigo yuko kwenye simu akikuuliza umefika wapi. Mimi nami hasira zangu ziko karibu. Siku niliyomrushia jogoo wa jirani spana kwa kosa la kuwika, mke wangu alikwenda sokoni akarudi na kitabu cha kuchorea na penseli, akaviweka mezani mahali pa chai yangu. Akasema nichore, nimwache jogoo wa watu.

Nilianza kwa kununa. Nikachora kikombe kilichokuwa mbele yangu, kikatoka kama sufuria iliyokanyagwa na lori. Lakini nilipoinua kichwa, chai ilikuwa imepoa na sikuwa nimegombana na mtu muda wote huo. Raha niliyoisikia! Kesho yake nikachora jeki. Kisha nyange, wale ndege weupe wenye maringo wanaofuata trekta ikilima. Kisha nikawageukia madereva wa miwa, waliolala chini ya trela zao wakingoja foleni ya kiwanda. Hao ndio walionifundisha mwili wa mtu, Mungu awabariki, maana dereva wa miwa akilala, hata umwimbie hageuki. Nilijua magoti, nikajua viwiko, nikajua jinsi tumbo linavyomwagika upande mmoja. Nilikuwa narudi nyumbani nikipiga mluzi, mpaka mke wangu akaanza kuniuliza nimekutana na nani.

Kulikuwa na mwalimu wa uchoraji niliyekuwa nikimtazama kwenye simu. Kila somo alirudia jambo lile lile: usichore unachokijua, chora unachokiona. Mtazame mtu, mtazame tena, mtazame mpaka aone haya, ndipo uguse karatasi. Nililishika neno hilo kama amri. Kumbe ndilo lingekuja kunitia mashakani.

Desemba tulikwenda kisiwani Rusinga kwa wakwe zangu, nami nikabeba kitabu kipya. Asubuhi nilishuka ziwani nikawachora mnandi, ndege weusi wanaosimama juu ya mawe wamefungua mabawa kama nguo zilizoanikwa. Nikawachora wanawake wakigeuza omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu. Kufika jioni, boma zima lilikuwa limepanga foleni. Nilimchora shemeji yangu, kaka wa mke wangu, nikamwongezea kifua kidogo, akazunguka na ile karatasi kwa majirani wote. Nikamchora mke wake, watoto wao, mbwa, na ng'ombe aliyeletwa kwa kamba akiwa ameoshwa. Nilikuwa nimelewa sifa, siwezi kukataa.

Ndipo mke wangu akanijia na uso wa mtu aliyetumwa. Mama yake alikuwa ameuliza kwa nini yeye hajachorwa.

Hapa lazima nieleze. Kwetu Wajaluo, mtu na mama mkwe wake ni heshima tupu. Siku hizi kuna wanaokumbatiana na kupiga picha bega kwa bega, sina neno nao. Lakini boma hili ni la zamani. Mimi nikiingia kwa mlango huu, yeye hutoka kwa ule. Salamu hutolewa kwa mbali, macho chini. Tangu nioe, mama mkwe wangu nilimjua kwa miguu: slipa za bluu siku za kazi, viatu vyeusi siku za kanisa. Miguu hiyo ningeichora nimefumba macho. Uso wake, tungepishana sokoni Mbita nisimtambue. Na sasa kazi yenyewe ilidai nimkodolee macho mchana kweupe.

Nikamwambia mke wangu haiwezekani. Akasema Mama ametamka maneno machache tu, na akayarudia kama alivyoyasikia.

"Ata ng'ombe imechorwa. Ama mimi si mtu wa hii boma?"

Nikikataa, nitakuwa nimemwambia kwamba ninamweka nyuma ya ng'ombe. Nikikubali na kumtazama, nitakuwa nimemvunjia heshima mbele ya watoto wake. Nilitaka sana anipende, hilo nalisema wazi, na miaka yote hiyo sikuwa na namna ya kujua kama ananipenda au ananivumilia. Slipa haziwezi kukwambia.

Shemeji akasema nichore kutoka kwenye picha ya simu. Nikaishika ile simu, nikaona kitambaa cha kichwa na mwanzo wa kipaji cha uso, nikamrudishia upesi. Picha ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mtu aliye kwenye picha hawezi kuondoka akitaka. Basi akaja na ujanja wa pili. Mama akae jikoni, mimi nikae nje, upande wa pili wa ukuta, na mke wangu asimame mlangoni, awe anamtazama mama yake na kunitangazia.

Tukafanya hivyo, watu wazima na akili zetu. Mke wangu alitangaza kama mpira wa redioni. Pua pana, hapana, imekuwa pana mno, rudi. Mdomo wa chini uzidi wa juu. Shemeji akampinga kuhusu masikio, wakabishana, mimi nikifuta na kuongeza mpaka raba ikabaki kama punje ya mahindi. Karatasi ikapelekwa ndani. Kisha nikasikia kicheko ambacho sikuwa nimekisikia maishani mwangu, chembamba, kinapanda, kinakwama, kinaanza upya. Mke wangu akatoka amejishika mbavu. Mama alikuwa amesema kwamba nimemchora marehemu mume wake, na nimemvika kitambaa chake yeye.

Na ilikuwa kweli. Wale watoto wake wawili walikuwa wametangaza sura wanayotembea nayo wenyewe, ya baba yao. Nilicheka mpaka machozi, na kicheko cha ndani kikanijibu kupitia ukutani, kila mmoja akimchochea mwenzake. Kisha sauti yake ikaja kupitia dirishani, mara hii bila kumtuma mtu.

"Ora," akaniita, ndiyo mkwe wangu kwa Kijaluo, "mimi nitakaa nikiangalia ziwa. Wewe kaa uko nyuma. Mgongo haina shida."

Akatoka akakaa kwenye kigoda uani, sinia la njugu mapajani, akaanza kumenya. Mimi nikakaa mbali nyuma yake. Kwa mara ya kwanza nikainua macho. Bega la kulia lilikuwa chini kidogo kuliko la kushoto. Shingo ilikuwa fupi, imenyooka. Alipofikia ganda gumu, mgongo wote ulikunjamana, kisha ukalegea. Kisigino kimoja kilikuwa nje ya slipa ya bluu, na nilipoiona hiyo slipa nikafurahi kumwona mtu ninayemfahamu.

Kumbe mgongo una ruhusa ya kuongea pia. Aliniuliza kama bado nagombana na yule jogoo. Nani alimwambia? Penseli ikanitoka mkononi. Naye akanieleza, akilitazama ziwa, jinsi alivyowahi kummwagia mchuuzi beseni zima la omena kichwani kwa sababu alizishika kwa dharau. Alisema samaki mmoja alibaki kwenye sikio. Nikacheka, naye akacheka, na nikaona kicheko chake kinavyoanzia chini kabisa kiunoni, nikakiweka kwenye karatasi.

Nilipomaliza, niliacha mchoro chini, nikauwekea jiwe, nikasogea pembeni na kuinamisha macho. Slipa zikaja. Zikasimama pale kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kustahimili, nami nikawa nahesabu maganda ya njugu kama mwendawazimu.

"Uyu ni mimi," akasema mwishowe. Kisha akasema, "Sasa wewe geuka. Unipatie penseli."

Nikaweka kitabu na penseli kwenye kigoda, nikageukia ua wa boma. Sijawahi kuteseka hivyo. Kisogo kiliwasha, jasho likatafuta njia liipendayo, na nyuma yangu boma zima likawa linachekea viganjani. Niliwahurumia madereva wote wa Awendo. Hatimaye mke wangu akaniletea karatasi. Nilikuwa viazi vitamu viwili, kimoja juu ya kingine, vimevaa kofia, na masikio ambayo ningeweza kuruka nayo kama ndege. Shemeji alikuwa amelala chini. Mimi mwenyewe nilikaa mchangani kwa kucheka.

Halafu nikaona miguu. Wa kulia ulikanyaga chini vizuri. Wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo, kisigino kimeinuka. Jeki iliwahi kuniponyoka ikaniangukia mguu huo kabla sijaoa, na nilijifundisha kutembea isionekane. Pale gereji hakuna anayejua. Nikamtazama mke wangu, akatikisa kichwa, hakuwa amesema. Basi nikauliza, bado nimeukabili ua, ni nani aliyemwambia Mama habari za mguu.

"Hakuna mtu," akajibu. "Mimi mwenyewe uwa nakuangalia ukienda. Mpaka ufike kwa barabara."

Mchoro huo uko gereji, juu ya meza ya spana. Mteja akiuliza ni kitu gani kile, namwambia ni mimi, na kwamba mguu umetoka sawasawa.