Kaburi la Nanjala, Lugari

Navalayo aliposikia trekta ikinguruma upande wa mtoni, aliacha unga kwenye ungo akashuka shambani, akijikokota kwa miguu iliyokwisha kuzeeka.

Alikuja Lugari akiwa bibi harusi, uhuru ukiwa bado mpya, wakati shamba la Mzungu lilipokatwa vipande na kugawiwa watu. Hapakuwa na kijiji. Yeye na mumewe, Erastus, walilala katika banda la ng'ombe la yule Mzungu pamoja na familia nyingine, mchana wakang'oa visiki ili wapande mahindi. Mvua ya mwaka wa pili ilimkuta mtoto wao wa kwanza, Nanjala, akipumua kwa shida. Erastus alimbeba mgongoni kumpeleka hospitali, lakini matope yalifika magotini, na mtoto akakata roho njiani. Walimzika karibu na mto. Msiba huo ndio uliowafanya majirani wafyatue matofali wajenge zahanati. Baadaye wakajenga shule, kisha kanisa, watu wakaanza kupaita nyumbani.

Sasa Erastus amekufa, na mwana wao Cornelius ameuza sehemu ya mtoni bila kumwambia mama yake.

Navalayo alisimama mbele ya trekta. Dereva, mzee mwenye mvi aitwaye Onesmus, akazima injini.

"Mtoto wangu amelala hapa," Navalayo alisema.

"Pole, mama. Nionyeshe ni wapi, nitapazunguka."

Akanyoosha kidole, akakishusha, akanyoosha kwingine. Mti waliopanda kichwani pa kaburi ulikuwa umekatwa, na udongo wote ulikuwa umegeuzwa. Akapiga magoti kwenye mtaro uliochimbwa na jembe, akafukua kwa vidole mpaka kucha zikatoka damu.

Cornelius alipoitwa kwa simu alikuja mbio. Alipoelezwa, alimgeukia mama yake.

"Mama, mbona hukuwahi kuniambia nilikuwa na dada?"

Ni kweli, hakuwahi. Tangu walipomzika Nanjala hakulitaja jina lake mbele ya mtu, akidhani ndivyo atakavyoweza kuishi.

Sehemu hiyo ilikuwa ya mwingine tayari. Onesmus alingoja kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole kama amalize kazi. Cornelius akaitikia kwa kichwa.

Navalayo aliketi ukingoni, jembe la trekta likipita na kurudi. Mwanawe akaketi kando yake akamshika mkono. Navalayo hakuuondoa, wala hakumtazama.