Siku Baba Alipovishwa Nyoka

Msimu wa mavuno, Chimala nzima hunuka pumba za mpunga. Zinachomwa nyuma ya mashine za kukoboa, moshi wake unatambaa hadi barabara kuu, na ukikua nao hautoki puani. Nilikuwa darasa la tano walipotufikia wataalamu wa historia kutoka mjini, wamevaa fulana za sare, wakisema wamekuja kuturudishia historia yetu, sisi jamii zote za Usangu. Kuturudishia, kana kwamba tuliwahi kuwaazimisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Hawakuwaona wageni hawa. Walituita kwenye ghala la mpunga wakatupanga kwa makabila kama magunia: Wasangu waje na mikuki, Wanyakyusa na ndizi, Wabena na pombe yao ya ulanzi. Wasukuma, walisema, waje na nyoka.

Baba yangu alikuwa Msukuma aliyeogopa nyoka kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Alihamia Usangu akiwa kijana, akiswaga ng'ombe kwa miguu pamoja na ndugu zake, na njiani dada yake Kabula akaugua, akafa. Walimzika kando ya mbuga wasiyoijua jina, wakaendelea na safari kwa sababu ng'ombe walikuwa na kiu. Hilo tu ndilo alilotaka kulisema mbele za watu: kwamba Kabula alikuwapo, na kwamba naye alikuwa anakuja huku. Akamweleza kiongozi wa wataalamu, kijana mwenye miwani ambaye hakukiachia kipaza sauti hata alipopiga chafya.

"Mzee wangu, hiyo simulizi ni nzuri sana," kijana alisema. "Tuanze na nyoka, watu wachangamke, halafu nakupa nafasi."

"Mwanangu, mimi nyoka siwezi. Sijawahi kushika hata mmoja."

"Ni utamaduni wako, mzee. Utakuja wenyewe."

Nyoka walimwazima kwa mganga wa gulioni, chatu mzee aliyechoka na maisha. Baba akakubali kwa ajili ya dada yake. Walipomvisha shingoni alitetemeka mwili mzima, jasho likamtiririka, na wale wasomi wakapiga makofi wakidhani ndiyo ngoma yenyewe. Mpiga picha alipiga magoti ili ampate vizuri. Nilisimama mstari wa mbele nikawachukia, na hadi leo sijaona sababu ya kuacha. Nyoka alipoondolewa, kijana akatangaza kwamba muda umetutupa mkono na pilau inapoa. Ahadi ni deni kwa watu wenye haya. Baba alisubiri karibu na kipaza sauti mpaka wakaja kukifungasha.

Siku hizi naishi Mbeya mjini, na historia imejengewa jumba lenye viyoyozi, katika Mbeya hii ya baridi. Baba amekwishafariki, lakini yumo humo ukutani, macho yamemtoka pima, na chini yake pameandikwa: Mcheza nyoka wa Kisukuma akifurahia urithi wake. Juzi darasa la binti yangu lilipelekwa huko, akarudi akitamba kwamba babu yake alikuwa hodari wa nyoka. Nikamketisha nikamweleza yote: chatu wa kuazima, hofu ya babu, na bibi yake Kabula aliyebaki njiani. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Na bibi Kabula, picha yake ipo?"

Nikamwambia haipo.

"Basi usijali, mama," alisema, na nikaona kabisa kwamba haniamini.