Uso wa Apiyo

Juzi mjukuu wangu Akinyi alinionyesha kwenye simu filamu ya maisha ya mtakatifu mmoja, na kule mbinguni kulikuwa na watoto weusi.

Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni mwangu, kijijini Usenge kando ya ziwa. Madirisha ya kanisa yalizibwa kwa mablanketi yaliyonuka omena, vile visamaki vya ziwani, na katekista Okumu akatuonyesha filamu kwenye shuka. Pacha wangu Apiyo tulikuwa tumemzika wiki hiyo. Mbingu ilipofunguka nilitafuta uso kama wangu. Malaika wote walikuwa wazungu.

"Mama, Apiyo wamemkataa?" nilinong'ona.

"Nyamaza, Adongo. Labda yuko nyuma."

Nilidhani amekasirika. Kumbe naye alikuwa akimtafuta.

"Dani, bibi yangu, mbona unalia?" Akinyi aliniuliza.

Nikamwambia airudishe kidogo, nimwone tena yule mtoto wa nyuma.