Galaksi Hafifu na Karai la Shangazi

Niliondoka nyumbani Shinyanga baada ya msimamizi wangu wa utafiti kunirudishia kazi kwa mara ya tatu. Mimi huhesabu galaksi za mwanzo kabisa wa ulimwengu, makundi makubwa ya nyota, kwenye picha za darubini ya angani na kupima mng'ao wake. Safari hii aliandika kwamba idadi ya zile hafifu haiaminiki kwa sababu sijayapima macho yangu. Nikaenda hospitali, nikapimwa, nikaambiwa ni mazima. Hapo nikakata tamaa, nikaamua kwenda Geita kwa shangazi yangu, Mama Kulwa, nifikirie kama niache masomo.

Asubuhi nilipanda basi stendi ya Ibadakuli. Tulipofika Kagongwa, jirani yangu kitini, mnunuzi wa dhahabu, aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamweleza kuwa nahesabu vitu vinavyong'aa, vilivyo mbali mno. Akauliza kwa sauti ya chini machimbo hayo ni ya nani. Nilipomwambia hayana mwenyewe, akaninunulia soda.

Geita niliingia alasiri. Shangazi huosha mchanga wa dhahabu nyuma ya nyumba yake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanikabidhi karai lenye mchanga hata kabla ya chai. Nikaosha kwa madaha ya msomi, nikapata punje nne, nikamwonyesha nikitabasamu.

Shangazi akacheka mpaka akakaa chini.

“Ng'wanone, mwanangu, humo nilitia kumi kwa mkono wangu,” alisema. “Kila mgeni namtilia kwanza ninazozijua. Kubwa umeziona zote. Ndogo sita umezimwaga. Sasa najua macho yako yanapoteza kiasi gani.”

Akarudia kuosha nilichomwaga, akazipata zote sita kabla maji ya chai hayajachemka. Kumbe macho aliyoyasema msimamizi ndiyo hayo.

Nilitaka kurudi kesho yake, lakini shangazi alinioshesha mchanga siku mbili zaidi, akidai bado nazembea.

Nyumbani nilitia kwenye picha galaksi hafifu za kubuni ambazo idadi yake naijua, kisha nikahesabu upya. Zaidi ya nusu zilinipita. Maana yake zile za kweli nazo ni nyingi kuliko nilivyotangaza. Msimamizi akaipokea kazi. Siku hizi, kabla sijasema vitu ni vichache, najiuliza kwanza ni vingapi vimenipita.

Nikampigia shangazi kumshukuru. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama huko chuoni wanaajiri.